Skii za wanaume: uchague nyembamba, za kati, pana au za theluji ya unga?

Kila Novemba, theluji ya kwanza ikishalala kwenye vilele vya Alpi, simu yangu huanza kupokea picha za skii. Juzi mdogo wangu mmoja, mtu wa Mwanza anayeishi München, alinitumia mbili kwa mpigo. Jozi ya kwanza nyembamba, nyekundu, milimita 68 katikati. Ya pili pana, nyeusi, milimita 108. "Kaka, zote zimeshushwa bei, na muuzaji anasema zote ni nzuri. Nichukue zipi?"

Nikamuuliza: "Msimu uliopita uliteleza siku ngapi?"

"Kumi hivi."

"Na katika hizo kumi, ngapi ulitoka nje ya njia zilizosawazishwa kwa mashine?"

Akakaa kimya kidogo. "Hata moja, kaka."

Muuzaji hakumdanganya, zote mbili ni skii nzuri. Ila moja imeundwa kwa ajili ya mtu anayekata kona kwa kasi kwenye theluji ngumu, nyingine kwa mtu anayekwenda kutafuta theluji ya kufika magotini, na yeye hakuwa yeyote kati ya hao wawili. Nimefanya kazi kwenye duka la kukodisha skii hapa Uswisi kwa misimu kadhaa, asubuhi nikiwafunga watu buti, jioni nikinoa kingo. Karibu kila mwanamume niliyemwona akirudi amechoka na amenuna alikuwa amevaa skii za mtu mwingine: mzito kuliko yeye, mwenye kasi kuliko yeye, au anayeteleza kwenye theluji ambayo yeye hafiki.

Tuelewane kwanza ni skii zipi. Wengi wetu tulizijua skii kupitia Philip Boit wa Kenya, kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Zile zake zilikuwa za masafa marefu: nyembamba mno, kisigino huru, mtu anasukuma tambarare na kupanda. Ninazozungumzia hapa ni za alpine, za kushuka mlima, kisigino kimefungwa pamoja na vidole. Ndizo alizotumia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.

Mambo ya kupimia

*Kiuno.* Kila skii imechapwa nambari tatu, kwa mfano 122-72-106. Ni upana wa ncha ya mbele, wa katikati chini ya buti, na wa mkia, kwa milimita. Ile ya katikati ndiyo kiuno, na ndiyo ya kuanza nayo. Kwenye theluji ngumu skii hushika kwa ukingo wake wa chuma. Kiuno kikiwa chembamba, ukingo unakaa karibu chini ya mguu wenyewe. Ukilaza goti kidogo tu, tayari umeuma. Kikiwa kipana, ukingo uko mbali na kifundo, na kila kona inakudai nguvu ya ziada ya kuulaza ubao wote. Magoti huanza kulalamika mchana. Kwenye theluji laini mambo yanageuka. Aliyewahi kuvuka matope ya mikoko anajua: mguu mtupu unazama, ukikanyaga ubao unabebwa.

*Kona.* Kando ya nambari hizo kuna herufi R, tuseme R 14. Hiyo ni nusu kipenyo, kwa mita, ya duara ambalo skii ingechora ikilazwa na kuachiwa ijiendeshe. R 12 au 13 inapenda kona fupi za harakaharaka. R 18 inataka nafasi na mwendo.

*Upinde na roka.* Zishike skii mbili tumbo kwa tumbo, uzitazame kwa ubavu. Nafasi inayoonekana katikati ndiyo upinde: ukikanyaga inalala, na inapolala inasukuma ncha na mkia vishike theluji. Sasa tazama zinapoachana upande wa mbele. Zikiachana pale mwishoni kabisa, skii itashika kwa urefu wake wote. Zikianza kuachana mapema, kiganja kizima au zaidi kabla ya mwisho, hiyo ndiyo roka: ncha iliyoinuka inayopanda juu ya theluji badala ya kuchimba, na inayogeuka kirahisi. Ukijua kufanya jaribio hili la nusu dakika, maneno mengi ya dukani hutayahitaji.

*Ugumu.* Hapa ndipo watu wanapokosea kuliko pengine pote, kwa sababu hakuna nambari iliyochapwa. Ndani ya skii kuna kiini cha mbao, na nyingi za daraja la juu zina mabamba mawili ya aloi ya aluminiamu yaliyolala juu na chini ya mbao hiyo. Mabamba hayo, ambayo kuanzia hapa nitayaita chuma tu, hutuliza mtikisiko unapokimbia, lakini yanataka uzito na mwendo ndipo yapinde. Skii isiyopinda haigeuki, inakupeleka tu.

*Kilo zako.* Wauzaji huanza na kimo. Mimi huanza na mizani. Mtu wa sentimita 180 mwenye kilo 65 na mwingine wa kimo hichohicho mwenye kilo 98 hawawezi kuvaa skii moja na wote wakafurahi. Na "za kiume", kwa sehemu kubwa, maana yake ni hiyo: ndefu zaidi, ngumu zaidi, vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye skii, vimewekwa nyuma kidogo. Mwanamume mwepesi asione haya kuchukua skii laini, hata kama rangi yake si aliyoitarajia.

*Uwezo wa leo.* Ninaugawa kwa matatu. Anayejifunza bado anapunguza mwendo kwa kufungua mikia, ncha zikikaribiana, kama kabari. Wa kati anashuka njia nyekundu (bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu) skii zikiwa sambamba, ila uchovu au barafu ikija, kabari inarudi. Mzoefu anashuka nyeusi kwa kona anazozichagua mwenyewe. Jibu kwa ukweli, na ujibu la leo. Mtu anayenunua skii za uwezo atakaokuwa nao miaka miwili ijayo huchelewa kuufikia.

Nyembamba: milimita 65 hadi 76

Hizi ndizo skii za njia zilizosawazishwa. Umbo lake la kiuno kilichobonyea ni jipya kuliko watu wanavyodhani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaume waliteleza kwenye skii zilizokaribia kunyooka, sentimita 200 na zaidi. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ikatoa SCX, yenye kiuno kilichochongwa hasa, na katika miaka michache dunia nzima ikafuata.

*Njiani.* Hakuna inayozifikia. Asubuhi mapema, mashine imepita usiku, theluji ina mistari kama shamba lililolimwa: unalaza magoti, ukingo unauma, na nyuma yako mnabaki michoro miwili myembamba kama iliyokatwa kwa kisu. Kwenye barafu ya mashariki mwa Kanada au ya Vermont kule Marekani, ambako mvua na baridi hupokezana, ukingo wa namna hii ndio unaokuweka umesimama.

*Nje ya njia.* Zinazama. Hata sentimita 15 za theluji mpya zilizolala juu ya njia yenyewe zinakuchosha, na alasiri theluji ikishakuwa vichuguu, zile ngumu zinakurusha.

*Zinachodai.* Hapa lazima nitulie, kwa sababu ndani ya kundi hili kuna skii mbili tofauti kabisa zenye kiuno kilekile. Kuna laini, bila chuma, R 13 hadi 15, zilizotengenezwa kwa anayejifunza. Na kuna za jamii ya mashindano, kama Head Supershape e-Magnum yenye kiuno cha 72, au Stöckli Laser inayoundwa hapa Uswisi: mabamba ya chuma, bamba la kuinulia chini ya vifungio, nzito mkononi. Kwenye rafu zinafanana, chini ya miguu hazina undugu.

Nalijua hilo kwa gharama. Jozi yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu aliyeniambia kwamba skii ngumu humfundisha mtu haraka. Kiuno 70, sentimita 175, chuma tupu, nami nilikuwa na kilo 71 na mafunzo ya wiki moja. Kila nilipotaka kugeuka zilikataa mpaka nikimbie, na kukimbia nilikuwa sijui. Misimu miwili nikajifunza kitu kimoja tu: kuegemea nyuma kwa hofu. Tabia hiyo ilichukua msimu wa tatu kuitoa, nikiwa kwenye skii laini za kukodi za sentimita 163.

*Urefu.* Kidevuni kwa anayejifunza, kati ya kidevu na pua kwa wengine. Kwa mtu wa sentimita 178, hiyo ni kama 155 hadi 165.

*Zinamfaa* anayejifunza (zile laini), na mzoefu anayependa kona na njia ngumu (zile za chuma). Wa kati anayeteleza njiani tu anaweza kukaa katikati ya hizo mbili, kwenye 72 hadi 76 zenye chuma kidogo au zisizo nacho.

Za kati: milimita 78 hadi 90

*Njiani.* Zinashika vizuri, si kwa ukali wa zile nyembamba, lakini mtu wa kati hataiona tofauti mpaka akutane na barafu yenyewe. Ncha ina roka kidogo, kwa hiyo kuanza kona ni rahisi, na ukikosea zinakusamehe.

*Nje ya njia.* Pembeni mwa njia, pale theluji mpya inapofika kifundo cha mguu, unapita kwa raha. Kwenye vichuguu vya alasiri ndipo zinapoonyesha thamani yake: ni pana vya kutosha kupanda juu ya rundo la theluji, na nyepesi vya kutosha kugeuzwa kati ya rundo na rundo.

*Zinachodai.* Inategemea tena chuma. Rossignol Experience 86 imeuzwa kwa namna mbili: yenye nyuzi za mwamba wa basalti, laini, na yenye bamba la chuma, ngumu zaidi. Herufi Ti mwishoni mwa jina kwa kawaida ndiyo alama ya chuma. Nambari kwenye jina, 82 au 86, mara nyingi ndiyo kiuno chenyewe, ingawa si kila kampuni inafuata mtindo huo.

*Urefu.* Kati ya pua na paji la uso. Mtu wa 178 na kilo 80 ataangukia 168 hadi 176.

*Zinamfaa* wa kati anayeteleza kila kitu kwa sehemu, na mzoefu mwenye nafasi ya jozi moja tu nyumbani. Anayejifunza ambaye tayari anageuka kwenye njia za bluu anaweza kuchukua 78 laini akakua nayo. Wanaoishi Bavaria, Austria au hapa Uswisi, wakipanda mlimani Jumamosi kwa Jumamosi bila kuchagua hali ya hewa, wengi huishia kwenye kundi hili, na sioni ajabu.

Pana: milimita 94 hadi 104

Hapa ndipo mapenzi ya wanaume wengi yalipo, kwa sababu hizi ndizo zinazoonekana kwenye video: Nordica Enforcer 94, Völkl Mantra yenye kiuno cha 96, Salomon QST 98, Head Kore 99.

*Njiani.* Zile zenye mabamba ya chuma, kama Enforcer na Mantra, zinatulia ajabu kwa mwendo, zinakata kona ndefu pana kama mtu anayeendesha gari zito kwenye lami. Kwa kona fupi zinachelewa, kwa sababu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kuna safari. Kwenye barafu utalipa kwa magoti. Zisizo na chuma, kama Kore 99, ni nyepesi na zinageuka kirahisi, lakini kwenye theluji ngumu zinatetemeka mapema zaidi.

*Nje ya njia.* Hapa ndipo kwao. Theluji ya kufika nusu muundi, theluji iliyokwisha kukatwakatwa na wengine, ile nzito ya masika yenye maji, zote zinapitwa bila kubadilisha mwendo. Roka ya mbele na ya nyuma inakuwezesha kuachia mkia uteleze unapotaka kupunguza kasi, jambo linalosaidia sana kati ya miti au kwenye bonde jembamba.

*Zinachodai.* Miguu na mwendo. Jozi ya chuma ya kundi hili ina karibu kilo mbili kila upande kabla ya vifungio. Wa kati akizivaa siku nzima kwenye njia nyekundu iliyoganda atashuka salama, ila hatajifunza kulaza skii, kwa sababu anaweza kushuka milima yote kwa kuburuta mikia tu. Nimewaona wengi wakibaki hapo kwa miaka.

*Urefu.* Kati ya paji la uso na juu kidogo ya utosi: 174 hadi 184 kwa mtu yuleyule wetu. Usiogope urefu ukiona roka ni kubwa, maana sehemu inayogusa theluji njiani ni fupi kuliko skii yenyewe.

*Zinamfaa* mzoefu ambaye angalau nusu ya siku zake ziko nje ya njia, au anayeishi magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, Utah au British Columbia, ambako theluji huanguka kwa wingi na hata njia zenyewe ni laini mara nyingi. Mtu mzito, kilo 95 na kuendelea, naye anaweza kuanzia hapa hata kama mtu mwepesi wa uwezo huohuo angechukua 88.

Za theluji ya unga: milimita 106 kwenda juu

Historia yake ina mtu mmoja wa kukumbukwa. Shane McConkey, mtelezaji maarufu wa skii, aliitazama theluji ya unga, ile mpya, laini na kavu, akaona inafanana zaidi na maji kuliko na ardhi, akawahi hata kuteleza mlimani huko Alaska akiwa amevaa skii za majini. Mwaka 2002 wazo lake likatoka kiwandani kwa jina la Volant Spatula: pana katikati kuliko kwenye ncha, imepinda kwenda juu mbele na nyuma, kinyume cha kila kilichojulikana. Leo karibu kila skii pana ina roka, na mizizi ya roka hiyo ni pale.

*Njiani.* Ni safari ya kurudi kwenye lifti, basi. Atomic Bent Chetler 120 au Salomon QST Blank ya 112 zinaweza kukata kona kwenye njia laini, ila kwenye theluji iliyoganda utahisi umesimama juu ya meza.

*Nje ya njia.* Sentimita 40 za unga usioguswa, skii zinapanda zenyewe, mapaja yanapumzika. Kona haikatwi tena: unasukuma kidogo pembeni na theluji inakupokea. Hakuna kundi jingine linalokupa hisia hiyo.

*Zinachodai.* Nguvu si nyingi kama watu wanavyodhani, kwenye theluji yake ni rahisi kuliko skii yoyote nyembamba. Zinachodai ni maarifa ya mlima. Mtu anayevaa skii hizi anakwenda mahali ambapo hakuna aliyesawazisha wala kulinda. Awe na redio ya kutafutana chini ya theluji, koleo na ufito wa kuchomea, awe na mwenzake mwenye vyote hivyo, na wote wawe wamejifunza kuvitumia. Hapa Uswisi SLF, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji mara mbili kwa siku wakati wa baridi, saa 11 jioni na saa 2 asubuhi, kwa ngazi ya 1 hadi 5. Duka lolote linalokukodisha milimita 115 bila kukuuliza kuhusu hayo halikutendei haki.

*Urefu.* Utosini au zaidi, 180 hadi 188.

*Zinamfaa* mzoefu mwenye jozi nyingine nyumbani, au mtu anayekwenda wiki moja mahali kama Engelberg au St. Anton baada ya dhoruba. Huyu wa pili azikodi.

Kuna makundi mawili ambayo sitayalinganisha kwa kirefu. Zenye ncha mbili, mkia ulioinuka kama mbele, ni za bustani za kuruka na kuteleza kinyumenyume. Anayezihitaji tayari anajijua. Na kuna za kupandia mlima kwa miguu, nyepesi sana, zinazobandikwa ngozi ya kushika theluji chini wakati wa kupanda. Hizo zina vifungio vyake na buti zake, na uepesi wake unaousifu wakati wa kupanda ndio unaokutikisa njiani wakati wa kushuka.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kuteleza, au umeteleza chini ya siku kumi: usinunue. Kodi nyembamba laini, fupi, na fedha zako zote ziende kwenye mwalimu, kisha kwenye buti. Wanaoanzia Ski Dubai, ndani ya jengo, au Afriski kule Lesotho kuanzia Juni, watapewa skii za aina hii palepale na zinawatosha kabisa. Uwezo ukipanda, unabadilisha jozi siku hiyohiyo bila hasara.

Kama wewe ni wa kati, unakaa karibu na Alpi na unapanda siku 10 hadi 20 kwa msimu: anza kuangalia kwenye 78 hadi 84. Ukiona unapenda asubuhi zilizosawazishwa kuliko kitu kingine, shuka kwenye 72 hadi 76. Ukiona macho yako yanakimbilia pembeni mwa njia kila theluji inapoanguka, panda hadi 88. Maduka mengi ya milimani yana jozi za kujaribia. Zivae mbili tofauti siku moja, njia moja, kabla na baada ya chakula cha mchana, maana theluji ya asubuhi na ya alasiri ni mbili.

Kama unaishi Ontario, Quebec au kaskazini mashariki mwa Marekani: toa milimita sita hadi kumi kwenye ushauri wowote unaousoma kutoka Utah. Na noa kingo. Jaribio langu la kila jioni dukani ni la ukucha: pitisha mgongo wa ukucha wa dole gumba juu ya ukingo, taratibu, kwa kukatisha. Ukikwangua unga mweupe kidogo, ukingo uko tayari. Ukiteleza tu, hata skii ya bei ghali kuliko zote itakuangusha kwenye barafu.

Kama ni mzoefu lakini umri umepita hamsini na magoti yana historia: usikimbilie nyepesi kupita kiasi, zinatetemeka, na mtikisiko unaishia magotini. Kiuno cha 74 hadi 82, chuma kidogo, sentimita tano fupi kuliko ulivyozoea.

Kama unataka jozi mbili: usichukue zinazokaribiana. Moja ya 70 na nyingine ya 100 zitakuhudumia msimu mzima. Ya 84 na ya 94 zitagombania siku zilezile.

Jambo la vifungio halina hiari. Skii za njiani kwa kawaida huuzwa pamoja navyo. Zile pana huuzwa peke yake, na breki ya kifungio lazima ipite kiuno kwa milimita chache bila kuzidi sana, vinginevyo inakwama au inaburuta theluji. Nguvu ya kufunguka hupangwa na fundi kwa kilo zako, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoteleza. Wanaume hudanganya kwenye kilo na kwenye namna. Kifungio kilichopangwa kwa mtu asiyekuwepo kinaweza kukataa kufunguka siku mguu unapojipinda, na nimeshika skii za mtu aliyeletwa chini kwa machela kwa sababu hiyo hasa.

Yule mdogo wangu wa München hakuchukua hata moja kati ya zile mbili. Alikodi Jumamosi mbili mfululizo, 72 ya kwanza, 80 ya pili, akanipigia akiwa bado amevaa buti kwenye maegesho. Amenunua ya 80, isiyo na chuma, sentimita 170, kwa kilo zake 76. Ile nyeusi ya 108 ataikodi mwezi wa pili, wiki ambayo tumepanga kupanda pamoja, kama theluji itaanguka.